Kompyuta hazifungui mfumo flashi ikichomolewa

Pole na kazi, mwalimu wa Masasi. Umesimika Linux kwa faili la Kickstart, lenye maagizo ya usimikaji wa kujiendesha, kwenye kompyuta za maabara, usimikaji ukaisha salama, lakini ukichomoa flashi mfumo haufunguki. Nadhani GRUB, programu inayoamsha mfumo, imeandikwa kwenye flashi yenyewe. Jina sda, ambalo Linux huipa diski inayotambuliwa kwanza, halina mwenyewe. Flashi ikitambuliwa kwanza, inalichukua.

Andika ls -l /dev/disk/by-path uone diski ya ndani iko njia gani. Usichukue majina ya /dev/disk/by-id, kwa sababu yana namba ya pekee ya kila diski, na faili lako linatakiwa lifae mashine zote za aina moja. Kisha weka njia hiyo sehemu mbili za faili la Kickstart: ignoredisk --only-use= (diski pekee ya kutumiwa) na bootloader --boot-drive= (diski ya kuandikiwa GRUB). Kama mashine ni za UEFI, yaani mfumo mpya wa kuwashia kompyuta badala ya BIOS, na faili lako halina autopart (amri ya kugawa diski yenyewe), ongeza reqpart ili kizigeu cha /boot/efi, sehemu ya diski ya kuwashia, kitengenezwe.

Tafadhali sana, chunga amri ya clearpart --all ndani ya faili hilo. Bila ile ignoredisk inafuta kila diski iliyochomekwa, hata ya nje yenye matokeo ya wanafunzi. Jaribu mashine moja kwanza. Data ikiwa imeshafutika, zima, usisimike tena, mpelekee diski fundi wa kuokoa data.