Jibu: Kuku mbichi, na pesa hawarudishi

Pole sana, ndugu yangu. Unasema ulinunua kuku mgahawani hapa Zanzibar, umesubiri mpaka isha inaadhiniwa, kuku ana damu mfupani, halafu ukidai pesa zako wa kaunta anakwambia "ukishang'ata hakirudi"? Hiyo si haki hata kidogo.

Uliuliza kama kuna pa kushitaki. Papo, tena pawili. Chakula kisichoiva kipeleke Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwani kuku mbichi huweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na watoto ndio huumwa vibaya zaidi. Kwa pesa zako, nenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Ile ya Bara usihangaike nayo, huku kwetu haihusiki.

Risiti ulipewa? Ile ya kielektroniki ina jina la biashara, tarehe na saa, hawana pa kukimbilia. Kama hukupewa, tunza ujumbe wa malipo ya simu na picha za ile nyama. Lakini kwanza rudi mchana wakati hakuna foleni, muulizie meneja mwenyewe. Kijana wa kaunta usimgombeze, mara nyingi anatii aliloagizwa tu.

Na kama mtoto alimla kuku huyo, akianza kuharisha au kupata homa, wahi hospitali, mashitaka yatasubiri.