Kwa anayetaka kufungua banda la gemu: hesabu dakika kabla hujahesabu mashine

Mkuu, umesema una milioni moja na laki mbili, chumba unacho, na umekwama hapa: PlayStation 4 (PS4) mbili, PS3 nne, au kompyuta moja kali ya gemu. Ukaongeza kwamba wewe mwenyewe ni mtu wa God of War, gemu ya hadithi ya mchezaji mmoja, na ungependa banda lako liwe na gemu za maana, si mpira asubuhi mpaka usiku. Mimi nimeendesha banda Ngamiani, Tanga, kuanzia 2007 hadi 2019. Nilianza na PS2 moja, nikafika sita, nikahamia PS3, nikamalizia na PS4. Nakupa niliyoyaona, wengine watajazia.

Ubora wa picha uweke pembeni kwanza. Anayeingia bandani ananunua zamu, na gemu ambayo zamu yake ina mwanzo na mwisho unaoonekana ndiyo inayokulipia umeme wa LUKU. Mpira umetawala mabanda kwa sababu hiyo. Mechi ya PES, gemu ya mpira ya Konami, ukiiweka dakika tano, ambayo ndiyo ya chini kabisa, kwa saa ya ukutani inakula kama nane hivi, maana kuna mapumziko, kuna marudio ya mabao ambayo mfungaji hakubali yarukwe, na kuna yule anayehangaika na kikosi kama vile kesho anasajili. Aliyefungwa analipa na kunyanyuka, mshindi anabaki, na kwenye benchi wapo watatu wanasubiri huku wanamzomea aliyekosa penalti. Hao wa benchi wachunge kama mayai. Benchi likikauka, hata mashine ziwe kumi umekwisha.

Ila mpira nao unataka sheria, tena ziandikwe. Enzi ya PES 6 nilibandika karatasi ukutani: INTER HAIRUHUSIWI. Wa zamani wanajua kisa chake. Adriano, mshambuliaji wa Inter, alikuwa na nguvu ya shuti 99, mguu wa kushoto, anaachia kombora toka mbali kipa anabaki kuusindikiza mpira kwa macho. Ukimruhusu Adriano, kila mtu anachukua Inter na mechi zote zinafanana. Sheria ya pili ilihusu sare. Mwanzoni niliacha muda wa nyongeza na penalti, nikaja kugundua mechi moja ya shilingi 200 inakula dakika ishirini. Nikazima vyote; sare wanagawana malipo, wanapisha. Walinuna wiki moja, wakazoea. (Halafu kulikuwa na majina. Konami hawakuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea London FC. Mgeni akiuliza Liverpool iko wapi, mtoto wa darasa la tatu anamwonyesha kwa kidole bila hata kugeuka.)

Gemu za ngumi zina hela ya haraka na hasara ya haraka. Nilikuwa na Tekken 3, CD ya PS1 ambayo PS2 inaipokea, nikatoza shilingi 100 kwa pambano. Foleni ilikwenda mbio, nikadhani nimeuona utajiri. Tatizo ni Eddy Gordo, yule wa kapoeira. Mtoto asiyejua lolote anamchukua Eddy, anaponda vitufe viwili vya mateke kama anatwanga kisamvu, na kaka yake aliyejifunza mpiganaji Jin mwezi mzima anakwenda chini. Kaka anakasirika, pedi inapigwa sakafuni. Mwezi mmoja nilizika pedi tatu. Baadaye nikatenga pedi chakavu za Tekken peke yake, na zile nzima zikabaki kwenye mpira. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza.

GTA San Andreas, ile ya kuzurura mjini na kuiba magari, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ile huwezi kuitoza kwa mechi, ni nusu saa au saa. Watoto walikuja na daftari la shule, ukurasa wa nyuma umeandikwa kodi za siri, yaani vitufe vya kubonyeza kwa mpangilio: R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, na kuendelea mpaka silaha zinajaa. Misheni hawataki. Ile ya kulifukuza treni iliwashinda karibu wote, wakahitimisha kwamba CD yangu ni mbovu. Mmoja sitamsahau: analipa saa nzima, anaiba basi, halafu analiendesha taratibu kabisa, taa nyekundu anasimama, ya kijani anaondoka. Saa nzima hamgongi mtu. Nilimpenda, lakini nyuma yake benchi lilikuwa tupu, maana nani atasubiri saa nzima amwone mwenzake anasubiri taa? Mashine ya San Andreas iliingiza karibu nusu ya mashine ya PES, na siku za shule pungufu ya hapo. Na utunzaji wake una kazi. Memori kadi ya PS2 ni MB 8 tu, kila mteja anataka sevu yake, yaani pale alipofikia, iheshimiwe. Niliishia kuwa na kopo la kadi za watu, kila moja imebandikwa plasta yenye jina. Ikipotea moja, unaitiwa mpaka mjumbe.

Mbio za magari zina wateja wachache lakini watulivu, wengi watu wazima wanaotoka kazini. Weka moja, inatosha.

Simu imetuumiza, nisikudanganye. PUBG Mobile ilipokuja 2018 na Free Fire ikashika kasi, vijana wa miaka kumi na tano walihama. Na wapenzi wa mpira wana PPSSPP, programu inayochezesha gemu za PSP (PlayStation ya mkononi), wanachezea PES ya PSP kwenye simu kitandani. Waliobaki bandani ni wanaotaka kumfunga mtu waliyekaa naye bega kwa bega, wamwone uso akifungwa. Hicho simu haikitoi, na ndicho unachouza wewe.

Sasa mashine. PS3 nne zinavutia kwa bei, lakini FIFA, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ya mwisho kutolewa kwa PS3 ni FIFA 19, na PES ya mwisho ni PES 2018. Mteja akikuta kwenye PES hiyo Ronaldo bado yuko Madrid atacheka, atacheza siku mbili, ya tatu atavuka barabara kwa jirani yako mwenye PS4. CD za PS3 nazo haziingii PS4, kwa hiyo siku ya kuhama unaanza upya. PS4 bado ilikuwa inatolewa FC 24 na FC 25, zile zilizochukua nafasi ya FIFA baada ya EA kuachana na jina hilo, na CD zako za PS4 karibu zote zitakubali ukifikia PS5. Chukua mbili. Usitegemee eFootball, iliyochukua nafasi ya PES, kwa sababu ni ya bure; inataka intaneti, na bando itakumaliza. Wenye mabanda wengi waliendelea na PES 2021, ya mwisho kubeba jina hilo. Kompyuta kali ina kiti kimoja na mtu mmoja. Nzuri sana, nyumbani.

Ukinunua mtumba, kabla hata hujauliza bei igeuze nyuma usome volti. PS2 yangu ya kwanza ilikuwa ile nene iliyotoka Japani. Muuzaji aliniambia chomeka tu. Nikachomeka, ikatoa mlio mmoja mdogo na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia moyo unaruka. Nyuma ilikuwa imeandikwa wazi kabisa volti 100, na ukutani kwetu ni 230. Fundi aliifufua kwa elfu thelathini, nikanunua na transfoma ya kushusha umeme. PS4 haina shida hiyo, inapokea kuanzia 100 hadi 240, ila mazoea ya kusoma kibandiko hayakuharibii kitu. Zaidi ya hapo jaribu analogi zote mbili, vile vijiti vya pedi: ziachie uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Na kama uko pwani kama sisi, ifungue kila baada ya miezi mitatu utoe vumbi, chumvi ya bahari inakula feni kimyakimya.

Kuhusu God of War, iweke, nani atakukataza. Ila usiiwekee bei wala mashine yake, maana mmoja analipa na saba wanatazama bure, na siku mteja wako akinogewa na hadithi atakukopa. Mimi ile ya kwanza niliicheza baada ya kufunga. Ares, adui wa mwisho, alianguka saa nane za usiku, mlango umekomewa kwa ndani, feni nimezima ili uniti zifike asubuhi, na jasho linadondokea pedi ambayo mchana nilikataza watu kuishika kwa mikono yenye mafuta ya chipsi.