Kabla ya kuliamini jibu la mashine ya kifua kikuu

Wenzangu wa vituo vya afya hapa Pemba huniuliza mara kwa mara kama kipimo cha vinasaba cha kifua kikuu kinaaminika. Nami huwauliza: kwa mgonjwa yupi, na kwa jibu lipi? Mashine ya GeneXpert, inayofanya kipimo hicho, hutoa majibu mawili kwa pamoja, moja la kuwepo kwa vimelea na jingine la usugu dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, na uzito wa majibu hayo haulingani.

Kuhusu jibu la kwanza sina ubishi mkubwa. Darubini huhitaji vimelea wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo iwaone, ilhali katriji (kikasha kidogo cha kipimo kinachoingizwa mashineni) ya Ultra, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, huwatambua hata wakiwa 16 hivi. Jibu hutoka ndani ya saa mbili, wakati kuotesha vimelea maabara huchukua wiki kadhaa, na kwa mgonjwa aliyevuka kwa mashua kutoka kisiwa cha Kojani tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hata hivyo, ukali huo una gharama yake. Kipimo hutafuta vinasaba, na vinasaba vya vimelea waliokwisha kufa huweza kubaki mapafuni muda mrefu baada ya tiba. Ndiyo maana, Ultra inapoonyesha dalili hafifu kabisa ya vimelea, mimi hurudi kwa mgonjwa kwanza: "Mzee wangu, uliwahi kumeza dawa za TB?" Kwa sababu hiyohiyo, kipimo hiki hakifai kufuatilia maendeleo ya tiba, kazi hiyo ni ya darubini na ya kuotesha.

Jibu la usugu ndilo linalotaka hesabu. Tuchukue wagonjwa wapya 1,000 wa kifua kikuu, kumi tu kati yao wakiwa na usugu wa kweli, na tuseme kipimo huwasingizia usugu wawili katika kila mia wasio nao. Kitawapata takriban wote kumi, lakini kitawaongeza wengine ishirini hivi wasiohusika. Kwa hiyo kati ya thelathini watakaoambiwa wana usugu, theluthi mbili hawana. Sasa tuchukue wagonjwa 1,000 waliowahi kutibiwa, 200 kati yao wakiwa na usugu: watakaosingiziwa ni 16 tu, mbele ya karibu 200 wa kweli. Katriji ni ileile. Waliobadilika ni watu. Basi mgonjwa mpya asiye na historia yoyote ya hatari akionekana ana usugu, chukueni makohozi mengine mapya na mrudie kipimo. Aliyeshindwa na tiba ya awali, au anayeishi nyumba moja na mgonjwa wa usugu, asicheleweshwe.

Na mkiletewa ripoti inayokisifu kipimo kipya, ulizeni kililinganishwa na nini (kukilinganisha na darubini peke yake hakutoshi) na wagonjwa walipatikanaje. Xpert ya awali, katriji iliyotangulia Ultra, iliwagundua takriban asilimia 98 ya wagonjwa ambao darubini nayo iliwaona, lakini asilimia 67 tu ya wale ambao darubini iliwakosa. Ripoti inayoyachanganya makundi hayo mawili hunitia shaka papo hapo. Tena, jibu la rifampisini halisemi lolote kuhusu isoniazidi, dawa nyingine kuu ya kifua kikuu, ambayo ina katriji yake, iliyopendekezwa mwaka 2021 na inayopima pia baadhi ya dawa nyingine.

Yote hayo hayana maana iwapo kikopo kimejaa mate. Mwelezeni mgonjwa akohoe kutoka kifuani, nje penye hewa, na sampuli za visiwani zisafirishwe kwenye kisanduku cha baridi. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 35 zisikae zaidi ya siku tatu.