Alma ni Jina la Kiume

Mmeuliza wiki hii kama asili ya jina inaweza kuthibitisha ukweli wa kitabu kitakatifu kinacholitaja. Nitajibu kuhusu jina moja tu, Alma, kwa kuwa limetuumiza nyumbani, na kwa jina hilo natamani sana kujibu ndiyo.

Binamu yangu ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mwanawe wa kwanza alimwita Alma, kwa heshima ya yule kuhani wa Mfalme Nuhu (si Nuhu wa safina) aliyemwamini nabii Abinadi katika Kitabu cha Mormoni, kitabu kitakatifu cha kanisa hilo. Cheti cha kuzaliwa kilipotoka, mtoto alikuwa ameandikwa Ke. Tulipokwenda kuomba kirekebishwe, karani alitujibu kwamba kila Alma anayemfahamu ni mwanamke, akaonyesha majina katika daftari lake, kisha akamshauri binamu yangu, mbele ya foleni nzima, amtafutie kijana jina la heshima. Shangazi yetu, ambaye tulimchukua atutetee, alimuunga mkono karani. Njiani kurudi alisema dini inayowapa wavulana majina ya wasichana haiwezi kuwa ya kweli, na binamu yangu hakumjibu neno. Nilichomwa na ule unyamavu wake kuliko cheti chenyewe.

Lakini jibu lilikuwapo. Mwaka 1961 mwanaakiolojia wa Israeli, Yigael Yadin, alichimbua katika pango la Nahal Hever, karibu na Bahari ya Chumvi, nyaraka za wakati wa uasi wa Bar Kokhba, yaani uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi. Mkataba mmoja wa mashamba ya Ein Gedi, wa mwaka 134 BK, unamtaja mtu ambaye Yadin alimsoma kuwa Alma mwana wa Yehuda. Kitabu cha Mormoni kilikuwa kimechapishwa tangu 1830, kwa hiyo Joseph Smith, aliyekitoa, hakuweza kuujua mkataba huo.

Hata hivyo, Kiebrania cha wakati ule hakikuandika irabu zote, kwa hiyo usomaji huo una nafasi ya ubishi. Tena mkataba ni wa zaidi ya miaka 700 baada ya wakati ambao Lehi, babu wa kale wa Alma katika kitabu hicho, anasimuliwa kuondoka Yerusalemu, na huko Marekani walikuwapo wanaume wachache walioitwa Alma kabla ya 1830, ambao Joseph Smith angeweza kuwasikia.

Basi nalazimika kujibu hapana: jina hili halithibitishi kitabu. Ila wanaodai kwamba Myahudi mwanamume hakuweza kuitwa Alma waiache hoja hiyo, angalau mpaka mtaalamu wa maandishi ya kale atoe usomaji ulio bora kuliko wa Yadin.