Jibu: Likizo ya baba na zamu za hoteli

Ndugu yangu, hongera kwa mtoto. Umeuliza kama zile siku 3 za likizo ya baba zinakuhusu wewe uliye hotelini Nungwi. Hizo ni za sheria ya kazi ya Bara ya 2004. Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Waombe ofisi ya utumishi wakuoneshe kifungu cha humo, kisha andika barua na ubaki na nakala.

Lakini siku hizo zitakwisha hata kitovu hakijakauka. Kitakachokufaa zaidi ni zamu. Mwombe msimamizi akuweke asubuhi mpaka arubaini ipite, na umtajie kabisa mwenzako mliyekubaliana kubadilishana. Ombi lisilo na mtu wa kuziba pengo hukataliwa haraka. Jioni, mtoto akishanyonya mpokee wewe, muweke begani acheue, mama yake apate kulala.

Wanaokwambia hiyo ni kazi ya bibi mkandaji, wapuuze. Mimi pia napanga zamu, na baba anayeomba ruhusa ya kumpeleka mtoto chanjo nampa. Siku hizi wengine wanaomba wenyewe.