63, Si 75: Hesabu ya Laini Iliyonitia Aibu

Jumatatu usiku kijana mmoja msomaji wangu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Alhamisi nina usaili wa ufundi wa mitambo ya simu. Nasikia wanapenda kuuliza Mbps 100 ni E1 ngapi. Nigawanye tu kwa mbili?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Swali hilo lina kovu langu. (Mbps ni megabiti kwa sekunde, yaani milioni za biti; E1 ni laini ya mitambo ya simu yenye Mbps 2.048.)

Ilikuwa 2011, Dar es Salaam. SEACOM, mkonga wa intaneti wa chini ya bahari, ulishafika tangu 2009, kila kona watu wanazungumzia kasi, nami nimetoka chuo na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Shati la kuazima, mikono yake inanifunika hadi kucha. Mzee aliyekaa katikati akashusha miwani puani: "Kijana, STM-1 moja inabeba E1 ngapi?" Nikatoa simu, nikagawanya Mbps 155.52 za STM-1, laini kubwa inayobeba E1 nyingi kwa pamoja, kwa 2.048 za E1, nikajibu kama mtu anayejua: "Sabini na tano, mzee, na chenji inabaki."

Hakunisahihisha. Alifungua mlango akamwita mwenzake wa chumba cha pili, "Hebu njoo umsikie huyu." Nikarudishwa nirudie jibu mbele ya watu wanne. Mmoja alicheka hadi akajifuta machozi kwa tai. Kazi sikupata, na nauli nilikuwa nayo ila nilitembea kwa miguu hadi Kariakoo, maana sikutaka kukaa kwenye daladala watu wanione uso.

Jibu ni 63. Miaka miwili ilipita kabla sijajua kwa nini, kwa hiyo mdogo wangu, nakueleza kama ambavyo ningependa kuelezwa siku ile.

Anza na sauti ya mtu mmoja kwenye simu. Mtambo huipima mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8: hiyo ni kbps 64, yaani biti 64,000 kwa sekunde. Panga nafasi 32 za namna hiyo upate kbps 2,048, ndiyo E1. Ile 2048 inawadanganya wengi, wanadhani ni 1,024 mara mbili kama kwenye kompyuta. Hapana, ni 32 mara 64, na kwenye laini kilo ni 1,000. Nafasi ya sifuri ni ya kuoanisha mitambo, ya 16 kwa kawaida ni ya ishara za kupiga na kukata, simu zinabaki 30. Vitabu vya Marekani vitakutajia T1, laini yao ya namna hiyo: nafasi 24 na kbps 8 za ziada, jumla Mbps 1.544. Huku kwetu ni E1, usichanganye.

Basi Mbps 100 ni E1 48 na ushee, na gigabiti moja kwa sekunde ni 488. Kugawanya kunatosha ukitaka kulinganisha ukubwa tu. (Filamu ya megabaiti 700 ingekaa dakika 45 hivi kwenye E1 nzima. Kwenye nafasi moja ya 64, zaidi ya siku nzima. Wewe unayelia kwamba Mbps 20 za nyumbani ni ndogo, una karibu E1 kumi peke yako.)

Ukiulizwa *inabeba* ngapi, hapo acha kugawanya. Huwezi kujua basi la Mwanza lina abiria wangapi kwa kulipima urefu kwa futi. Kuna injini, kuna buti, kuna njia ya konda kupita. STM-1 imepangwa mafungu 3, kila fungu vifungu 7, kila kifungu E1 3. Tatu mara saba mara tatu. Kinachobaki kimeliwa na vichwa vya fremu na upangaji wenyewe. E3, laini iliyo kati ya E1 na STM-1, nayo ina Mbps 34.368, ukigawanya unapata 16 na vipande, lakini inabeba 16 kamili.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao cha mteja anayehamisha mitambo ya zamani kwenda kwenye mkonga. Kijana mwenye kompyuta mpya akaandika ubaoni: STM-1 = E1 75. Kalamu nyekundu, akaipigia mstari mara mbili. Nakiri, sekunde ya kwanza nilitamani nimwite mtu wa chumba cha pili. Nikasubiri chai, nikamchorea ile 3, 7, 3 nyuma ya risiti. Aliporudi akafuta mwenyewe, na mkuu wake akamsifu kwa umakini. Mimi nilikunywa chai yangu. Sawa, iliniuma kidogo.

Ndugu zangu, kwa nini tunachekana? Aliyejua alifundishwa, hakuzaliwa na STM-1 mkononi. Na nyie vijana, acheni kukimbilia kikokotoo kabla hamjauliza kitu kimepangwaje. Jifunzeni 64. Ukiijua 64 umeijua E1, ukiijua E1 umeijua 63. Narudia: jifunzeni 64.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, ujumbe mrefu kama barua ya posa. Alhamisi jioni akajibu: "Asante kaka. Wameniuliza kama naogopa kupanda mnara."