Intaneti angani: abiria wanaitaka kweli?

Mkuu, umeuliza kama abiria wanaitaka kweli intaneti ndani ya ndege au ni mashirika tu yanatafuta pa kutuchuna. Wanaitaka, ila si kwa bei yoyote. Boeing walianza huduma yao ya intaneti ya angani, Connexion, mwaka 2004 kwenye ndege za Lufthansa, shirika la Ujerumani, 2006 wakatangaza kuifunga, wateja hawakutosha. Lakini enzi hizo ilibidi utoe laptopu. Simu janja zilikuwa bado hazijaenea.

Mimi mwaka jana nilinunua kifurushi safari ya usiku. Nikamwandikia mama watoto "tumesharuka". Tiki moja ikaning'inia hapo, chakula kikaja, trei zikaondolewa, bado tiki moja! Ujumbe wa ndegeni hupitia setilaiti, na zile za zamani zipo kilomita kama 36,000 juu, halafu ndege nzima mnagombania njia moja nyembamba. Za Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya Elon Musk, zipo karibu zaidi, kwenye kilomita 500 hivi, na Qatar Airways walianza kuzitumia 2024, abiria halipi kitu. Ya namna hiyo nani ataikataa?

Kwa Dar–Zanzibar, dakika ishirini, we chungulia bahari tu. Na simu za video huko juu hapana, jamani, wengine tunalala.